Kaseti Iliyoshonwa kwa Uzi wa Kijani

Wiki tatu zimepita tangu nirudishe funguo za karakana, na simu yangu haijapumzika. Huyu anauliza bisibisi ndogo nimeiweka wapi, yule anauliza mteja aliyepandisha hasira anatulizwaje. Salama, ambaye ndiye anayekalia kiti changu sasa, akaniambia, "Dada Kadzo, si uandike tu, tukusome, tusikusumbue?" Basi naandika. Mshahara sitautaja kwa sababu haukuwa na la kutajwa, na vyeo dukani mle vilikuwa viwili tu: tajiri mwenye duka, na sisi wengine.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitokea kwetu Magarini na cheti cha shule kilichokunjwa mara nne. Duka lilikuwa Malindi mjini. Tuliuza redio, redio-kaseti, santuri, na zile spika kubwa za mbao ambazo watu walizinunua kwa ajili ya harusi kisha zikabaki sebuleni kuwekewa maua ya plastiki. Kazi yangu ilikuwa kupanga stoo. Nyuma ya stoo, katika chumba chenye dirisha moja, ndiko alikokuwa Fundi Shee.

Fundi Shee alikuwa mtu wa visiwani, upande wa Lamu, mfupi, mkavu, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Siku yangu ya kwanza aliniita, "Ndoo hapa, mwanangu," yaani njoo kwa lugha ya kwao, akanipa redio iliyokufa na bisibisi. Nikadhani nafundishwa kutengeneza. Kumbe alitaka niifungue yote, kisha niifunge yote, na kila skurubu irudi ilikotoka. Nilimaliza adhuhuri, na skurubu mbili zikanibaki mkononi. Akazitazama, akanitazama. "Hizi mbili, aliyeiunda hakuzitia kwa urembo," akasema. Nikaanza upya. Ikawa hivyo siku nne. Siku ya tano akamwambia tajiri atafute mpanga stoo mwingine, huyu ni wake. Hata hivyo, kwa miaka mingi wateja waliingia wakiniuliza fundi yuko wapi, na mimi nimeishika redio yao mkononi imefunguliwa tumbo.

Enzi zile tulikuwa pia tukijaza kaseti. Mteja anachagua nyimbo, sisi tunazinakili kutoka kwenye santuri. Hapo Fundi Shee alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kabla ya kurekodi juu ya kaseti iliyotumika, alisikiliza mwanzo, katikati na mwisho, pande zote mbili, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hodi." Anangoja kidogo. Ikiwa amesikia mtu akizungumza, kaseti ile haiguswi mpaka mwenyewe aje aulizwe. Wengi walikuwa na ndugu Uarabuni wakati ule, na si kila mama alijua kusoma, kwa hiyo barua zilisemwa ndani ya kaseti, zikaletwa na wasafiri. Mimi niliiona hodi ile kuwa ni mambo ya wazee. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, umri ambao mtu hana asilolijua.

Taabu yetu ilianzia mbali. Karatasi ilikuja kutoka kwa wakala wa Mombasa: tufani imepiga huko Mashariki ya Mbali, kiwanda kinachotuletea mikanda ya mpira, vichwa vya kaseti na kaseti tupu kimeingia maji, na bandari yao imefungwa. Meli itachelewa. Tajiri aliisoma mara mbili, akauliza, "Sasa upepo wa huko unatuhusu nini sisi?" Baada ya miezi miwili alikuwa ameshajibiwa. Mkanda wa ndani ya redio-kaseti ni mwembamba kama tambi, na kwa joto letu la pwani huyeyuka ukawa lami. Bila mkanda, mashine nzima ni sanduku lenye vitufe. Mashine mpya ziliisha dukani, na rafu ya matengenezo ikajaa mpaka juu, kila mashine na kikaratasi cha jina la mwenyewe kimefungwa kwenye mkono wake.

Rafu ile ilinitisha, sisemi uongo. Fundi Shee alikuwa akiziacha nyingi zimechomekwa kwenye umeme ili zisiingie unyevu. Umeme ukikatika na kurudi, mchana kweupe, zote zilizokuwa na swichi wazi ziliamka kwa pamoja na kutoa mvumo mmoja mrefu, kama watu wengi waliovuta pumzi wasiseme neno. Fundi Shee hakuinua hata kichwa. Mimi nilitoka nje kununua mahamri nisiyoyahitaji.

Mashine mojawapo pale ilikuwa ya Bi Mwanaisha, mjane kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Nilimpokea mimi. Alinieleza kwamba mwanawe wa pekee, Athumani, yuko Uarabuni katika kazi ya ujenzi. Aliondoka bila ya ruhusa yake, wakaachana kwa maneno makali, ikapita miaka mitatu kimya. Sasa msafiri amemletea kaseti kutoka kwake, ya kwanza, naye hana cha kuisikilizia. Kwa jirani hataki. "Maneno yangu na mwanangu hayasikilizwi barazani," alisema. Nikamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Aliporudi, mkanda haukuwapo. Akarudi tena, haukuwapo. Mara ya tatu alikuja ameshikiliwa mkono na mpwa wake. Athumani alikuwa ameanguka kutoka juu ya jengo, akafa, akazikwa hukohuko. Kaseti bado hajaisikia. "Nifanyieni mashine yangu," alituambia, "nijue mwanangu alikufa na nini moyoni."

Fundi Shee akavua miwani. "Bi Mwanaisha, ilete hapa kaseti yako. Utaisikiliza kwenye mashine yetu ya kurekodia, na sisi tutatoka nje, tufunge mlango." Akakubali. Akasema ataileta Alhamisi.

Alhamisi hakutokea. Mvua zilikuwa zimenyesha huko bara, sisi Malindi tukiwa na jua letu, na Sabaki ukashuka umebeba nusu ya nchi. Bahari yote mbele ya mji iligeuka rangi ya matofali. Tulisimama ufukweni tukitazama milango ya watu ikipita. Njia ya kaskazini ilikatika, ya kusini nayo ikakatwa mahali, na kivuko cha Kilifi kikasimama kwa siku kadhaa. Hata kama meli ile ingefika Mombasa asubuhi hiyo, mikanda yetu isingefika Malindi.

Maji yalipoanza kupungua, akaja mtu na mkokoteni wa vitu alivyookota kando ya mto, na tajiri akavichukua vyote bila ya kutuuliza. Tukakaa kuvifungua. Ndani ya spika moja ya mbao tulimkuta kaa, mzima, ametoa macho. Redio nyingine ilikuwa imejaa udongo mwekundu uliokauka, nami nilipoukung'uta ukatoka kipande kimoja chenye alama ya kila kitu kilichokuwa ndani. Nyumba ambamo redio zile zilikuwa zikizungumza hazikuwapo tena. Sikupenda kuziwasha. Kila moja iliyokubali kuwaka ilianza na sauti ya koo linalosafishwa.

Kulikuwa na kapu la kaseti pia. Niliambiwa nizioshe kwa maji matamu, nizianike kivulini, kisha nihamishe utepe kwenye magamba mazuri ya plastiki, kwa kuwa kaseti mpya hatukuwa nazo hata moja. Mojawapo ilikuwa bado imeshonewa ndani ya kitambaa cheupe kwa uzi wa kijani, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiyezoea sindano. Nilichukua wembe nikaikata. Bi Mwanaisha hakuwa amenieleza kaseti yake ilifungwaje, lakini huo si udhuru. Kitu kilichoshonwa kina mwenyewe, na mimi nilijua hivyo tangu tumboni mwa mama yangu.

Kosa halikuishia hapo. Kichwa cha kufutia cha mashine yetu, kile kinachosafisha utepe kabla ya wimbo mpya kuingia, kilikuwa kimekufa, na Fundi Shee alikuwa ametia kingine alichokitoa kwenye mashine ya mafuriko. Kilifanya kazi kivivu. Ijumaa, yeye akiwa msikitini, nilichukua kaseti ile nikarekodi taarabu kwa ajili ya hoteli ya chai ya Bwana Katana. Sikusikiliza mwanzo wala mwisho. Hodi sikupiga. Nilijaribu katikati ya wimbo wa kwanza tu, nikasikia fidla ziko sawa, nikaipeleka.

Kesho yake saa nne Katana aliingia dukani na kaseti ile ameiweka juu ya sahani, na sahani ameifunika kwa sahani nyingine.

"Nani amekufa humu?" akaniuliza.

"Kivipi, Bwana Katana?"

"Nimeitia, nasikia mikwaruzo ya santuri, kabla fidla hazijaanza mtu anasema, 'Mama. Shikamoo, mama.' Kisha kimya. Mzee mmoja pale anakunywa chai yake, kwa mazoea tu, akaitikia, 'Marahaba.' Basi yule mtu ndani ya mashine akasema, 'Alhamdulillahi.' Kadzo, watu wamenitoka wote. Mmoja ameondoka na kikombe."

Yule mzee, baadaye nilisikia, alilala na taa siku saba. Lakini sisi wa kazi ile tuliijua sababu. Barua za kaseti zilikuwa na adabu zake. Mtu akisalimu aliacha nafasi, ili huyo atakayesikiliza apate kuitikia, kisha akaendelea kana kwamba amemsikia. Salamu ya Kiswahili haiendi upande mmoja. Kichwa cha mafuriko kilikuwa kimeshindwa kumfuta mtu huyu, akabaki chini ya nyimbo.

Fundi Shee aliitia kaseti kwenye mashine, akasikiliza kidogo, akaizima ghafla. Alichukua pamba yenye spiriti akakipangusa kichwa cha mashine, akanionyesha. Pamba ilikuwa ya kahawia. "Unaona? Maji ya mto yameulegeza utepe. Kila ukipita hapa unapukutika." Akaiweka pamba mezani polepole. "Hii rangi ndiyo sauti yake, Kadzo. Umeipangusa na mimi nimeipangusa. Ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia juu ya kitambaa na wembe. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliifungia kaseti ndani ya mkebe wenye mchele mkavu, akauweka juu ya meza yake.

Bi Mwanaisha aliletwa na mtumbwi wiki iliyofuata. Nyumba yake ilikuwa imekwenda, akahifadhiwa kwa dadake mlimani. Alikuja kuchukua mashine yake hivyohivyo, mbovu. "Haina kazi tena," akasema. "Kaseti imechukuliwa na maji, ingali ndani ya kitambaa chake. Athumani aliishona kwa mkono wake, yule msafiri aliniambia. Uzi wa kijani."

Fundi Shee alinitazama akangoja, maana hakuwa mtu wa kukusemea lako. Nikamwambia yote: wembe, taarabu, hoteli ya chai. Nililia, sikuona haya. Yeye hakulia.

"Umeukata uzi wa mwanangu," akasema. Kisha, "Yuko wapi?"

Fundi Shee akamwekea mkebe mbele yake, akamweleza asimfiche. Utepe ule una safari moja tu, labda. Akitaka, tunaupitisha sasa, anasikia mara moja, basi. Au angoje meli. Kaseti mpya zikifika tutaunakili katika safari hiyohiyo moja, naye abaki na nakala ya maisha yake. Kaseti nyingine tulizokuwa nazo zote zilikuwa za mtoni, zingepukutika vilevile.

"Alisema nini?" Bi Mwanaisha aliniuliza mimi.

"Amekuamkia tu, Bi. Amesema shikamoo mama, akanyamaza. Zaidi hatukusikiliza."

"Anangoja niitikie."

"Ndiyo, Bi."

Alikaa sana na kiganja chake juu ya mkebe. Mwisho akasema atangoja meli.

Akawa anakuja kila Alhamisi. Anavuka, anaingia, "Meli imefika?" Bado, Bi. Anakaa kwenye kibao kando ya mkebe mpaka adhuhuri, kimya, kama mtu aliyekuja kumwangalia mgonjwa. Habari ilikuwa imeenea mjini, na wateja walianza kuingia wakinong'ona. Wako walioupigia mkebe salamu kwa mzaha, lakini sikuona hata mmoja aliyerudia mzaha huo mara ya pili. Katana alituma birika la chai kila Alhamisi, na mtumishi wake aliliacha mlangoni asiingie. Siku moja umeme ulirudi akiwa pale, na rafu nzima ikavuta ule mvumo wake. Bi Mwanaisha aligeuza kichwa, akasikiliza mpaka ukatulia.

"Hawa nao wanangoja nini?"

"Mikanda, Bi."

"Meli hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

Mimi nilikuwa na hofu nyingine. Kila Jumatatu nilifungua mkebe kuangalia, na Jumatatu moja niliona alama nyeupe ukingoni mwa utepe, ndogo kama chumvi. Wiki iliyofuata zilikuwa zimeongezeka. Ukungu ulikuwa unamla. Niliwapigia simu watu wa wakala mpaka wakaijua pumzi yangu.

Mzigo ulifika siku ya Alhamisi, lori likiwa limevuka Kilifi alfajiri. Kulikuwa na mikanda, kulikuwa na redio-kaseti mpya, kulikuwa na kaseti tupu, bado zina harufu ya kiwanda. Waya wa kuunganisha mashine mbili haukuwapo. Ule wetu ulikuwa umeliwa na kutu, na mpya ulikuwa kwenye sanduku lililobaki ng'ambo ya Kilifi. Fundi Shee aliutazama ukungu kwa kioo chake cha kukuzia, akasema, "Kesho ni mbali."

Tukafanya kama walivyofanya watu kabla ya waya. Nilitia mkanda mpya katika mashine ya Bi Mwanaisha mwenyewe, ili hiyo iwe ya kusemea. Mbele yake, ana kwa ana, tukaweka redio-kaseti mpya yenye kipaza sauti chake, ili isikie na kurekodi. Tulitundika blanketi dirishani. Tajiri mwenyewe alifunga mlango wa duka, akaenda kumwomba muuza kahawa asogee na vikombe vyake.

"Sasa, Bi," Fundi Shee akasema, "kila sauti ya humu itaingia. Hata kikohozi. Usiseme neno mpaka mwisho."

"Sitasema," akaahidi, akajiziba mdomo kwa ncha ya buibui.

Nilibonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja. Mikwaruzo ya santuri. Kisha, "Mama. Shikamoo, mama." Ikafuata ile nafasi tupu. Bi Mwanaisha alifumba macho, lakini mdomo hakuufungua, na salamu ya mwanawe ikapita bila kuitikiwa. "Alhamdulillahi," Athumani akasema, na fidla zikamfunika.

Alikuwa chini ya nyimbo muda wote. Maneno hayakushikika, ila ungeweza kujua ni mtu anayesema na si ala. Kati ya wimbo na wimbo alijitokeza. Aliulizia paa kama limeezekwa. Akangoja. Aliulizia mbuzi mwenye pembe moja. Akangoja. Kila nafasi ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, na sisi watatu tuliketi ndani yake bila kupumua, na unga wa kahawia ukianguka mwembamba juu ya meza.

Wimbo wa mwisho ukaisha. Nilikuwa nimezirekodi nyimbo nne tu, na mbele ya hapo utepe haukuguswa. Sauti ya Athumani ikaja safi, karibu, kama mtu aliyevuta kiti.

"Mama, niliondoka bila radhi yako. Tangu siku ile sikai nikakaa, silali nikalala. Nimekosa. Niwie radhi, mama."

Akanyamaza. Utepe ulizunguka. Fundi Shee alimwinulia Bi Mwanaisha kidole, amkumbushe ahadi yake, naye alikiona. Akaitoa buibui mdomoni.

"Nimekuwia radhi, Athumani," akasema, kwa sauti ya kumwita mtoto aliye uani. "Duniani na akhera. Na marahaba, mwanangu. Marahaba."

Nilitazama mkono wa Fundi Shee. Haukwenda kwenye kitufe. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka, na ndani ya mashine kijana yule alikuwa bado kimya, na kimya chake kilikuwa kirefu kiasi kile kile cha maneno ya mamake.

Kisha tukamsikia akishusha pumzi.

"Ahsante, mama," akasema. "Nimesikia."